Nimechimba sentimita 35 nikagonga tabaka jeupe gumu kama zege, huu ni mwamba au ni udongo?

mchimbaji_mpya:
Habari wadau, naomba msaada. Nina shamba eneo kavu sana, jangwa kabisa naweza kusema, mvua mara chache kwa mwaka na ikija inakuja kwa fujo halafu inapotea. Juu kumejaa kokoto yaani kama mtu kakaa akazipanga moja moja, chini yake kuna udongo mwepesi wa kahawia umechanganyika na changarawe, halafu nikifika sentimita 35 hivi jembe linadunda. Nikachukua mtaimbo, nimepiga karibu nusu saa nikatoa kipande saizi ya kiganja, cheupe, kokoto zimeshikana humo ndani utadhani kimevunjwa kwenye ukuta. Nimechimba mashimo manne, matatu yana hicho kitu kwenye kina kilekile, la nne nimeenda mpaka sentimita 60 sijakiona. Nataka kupanda miti. Je huu ni mwamba? Na kama ni udongo umekuwaje hivi, na unaishije nao? Kuna mtu kaniambia nimwage maji mengi siku kadhaa litalainika.

Kokoto_2:
Huo ni mwamba tu mkuu, udongo wako umeishia hapo. Mimi yalinikuta hayohayo nikahamia sehemu nyingine.

tabaka_kwa_tabaka:
Mkuu usihame kwanza. Hapana sio mwamba, na nakuomba usiubebe huo ushauri wa Kokoto_2 kabla hujasoma hapa maana watu wengi wanaacha ardhi kwa sababu hiyohiyo. Mwamba unaendelea kwenda chini, hilo ni tabaka, na mara nyingi ukilitoboa unakutana na changarawe imelegea tena chini yake. Udongo wenyewe ndio umelitengeneza. Watu wa Arizona na New Mexico, majimbo makavu ya Marekani, wanaliita kaliche, wanajiolojia wanasema kalkriti.

Linavyotokea ni hivi. Vumbi linalopeperushwa na upepo lina chokaa ndani yake, linatua juu ya ardhi mwaka baada ya mwaka. Mvua ikinyesha maji yanaingia ardhini, yanakutana na kaboni dioksaidi inayotolewa na mizizi na vijidudu, yanakuwa na uasidi kidogo, basi yanayeyusha ile chokaa na kushuka nayo. Sasa jangwani maji hayafiki mbali. Yakifika nusu mita hivi mizizi imeshayanyonya au yameshakauka, maji yameondoka, chokaa imebaki palepale. Msimu huu utando, msimu ujao utando juu ya utando, na hiyo ni kazi ya maelfu ya miaka. Kwenye mvua nyingi chokaa hiyohiyo ingeoshwa moja kwa moja mpaka kwenye maji ya chini ya ardhi na usingeona kitu. Kwa hiyo hiyo sentimita 35 yako inakuonyesha maji ya mvua yamekuwa yakiishia wapi kwa miaka yote hiyo, labda kama udongo wa juu umemomonyoka, hapo tabaka linakuwa karibu na uso kuliko lilipojengeka.

Fanya kitu kimoja. Kabla ya kufika kwenye tabaka, chomoa kokoto ukutani mwa shimo taratibu ukijua upande upi ulikuwa chini, uigeuze. Utakuta tumboni ina utando mweupe na mgongoni ni safi au karibu safi, kwa sababu tone la maji linaning'inia chini ya jiwe na linakaukia hapo. Ukikuta kokoto nyingi weupe wake unaangalia juu ujue hapo udongo ulishachimbuliwa au kusombwa. Mimi hiyo kokoto ndio kitu cha kwanza ninachoangalia kwenye shimo lolote la sehemu kavu.

Mwaka 1966 Gile, Peterson na Grossman waliandika hatua nne za jambo hili baada ya kuchimba sana huko New Mexico. Kwenye udongo wa changarawe kwanza ni huo utando kwenye kokoto, halafu chokaa inaanza kujaza nafasi katikati ya kokoto, halafu nafasi zote zinaziba, na mwisho maji hayapiti tena, yanatuama juu na kuacha tabaka jembamba lenye mistari myembamba juu ya lile gumu, kama kurasa. Angalia kipande chako upande wa juu kama kina hiyo mistari. Kama ipo umefika hatua ya nne.

Na kwa nini changarawe? Watu wanadhani changarawe inapitisha maji kwa hiyo haiwezi kuziba. Ni kinyume chake, kokoto zimeshachukua nafasi kubwa, vijinafasi vilivyobaki ni vichache, kwa hiyo chokaa kidogo tu inatosha kuvijaza. Udongo usio na kokoto wa umri uleule jirani yake unaweza kuwa bado una vinundu tu.

mama_miche:
Naongezea upande wa mimea. Ndugu yangu usiangalie ugumu wa chini peke yake, angalia una udongo kiasi gani wa kushika maji. Chukulia huo wa juu ni wa kichanga na ungeweza kushika milimita 120 za maji kwa kila mita ya kina. Wewe una sentimita 35, hiyo ni milimita 42. Kama nusu ya ujazo wake ni kokoto zinabaki 21. Hiyo ndiyo akiba yote ya mti wako, na kwenye jua kali mti uliokomaa unaimaliza ndani ya siku chache. Ndio maana mvua kubwa moja haisaidii sana, udongo unajaa haraka maji mengine yanakimbia juu juu na kwenda kuchimba makorongo.

Pili ni hiyo chokaa. Udongo wa namna hii pH yake (kipimo cha uasidi, 7 ni katikati, juu ya hapo sio asidi) huwa karibu 8 au 8.4, hapo chuma, zinki na fosforasi vinajifunga, vipo lakini mmea hauvipati. Utaona majani machanga ya juu yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Wengi wanadhani ni kiu wanazidisha maji na hali inazidi kuwa mbaya. Chuma cha kawaida cha sulfeti ukikiweka kwenye udongo huo kinagoma mapema, inayofanya kazi ni ya cheleti, yaani chuma kilichoshikwa na kemikali inayokilinda kisijifunge, aina ya EDDHA.

Halafu usizikwangue hizo kokoto za juu tafadhali! Zinazuia upepo usibebe udongo na zinapunguza nguvu ya matone ya mvua. Inua moja polepole uone, chini yake kuna ganda jembamba la vumbi laini lina vitundu vidogo vidogo kama mkate, hilo vumbi upepo ulilileta na kokoto zikalikamata.

Kokoto_2:
Aisee asanteni, nimejifunza na mimi, kumbe niliacha shamba bure. Sasa si amwage asidi tu au salfa tabaka liyeyuke?

tabaka_kwa_tabaka:
Hesabu inakataa ndugu. Chukua mita moja ya mraba, tabaka unene wa sentimita 10. Hapo kuna karibu kilo 200 za kitu kigumu, tuseme nusu yake ni chokaa, kilo 100. Kila kilo ya chokaa inahitaji gramu 320 za salfa kuimaliza, kwa hiyo ni kilo 32 za salfa kwa mita moja tu ya mraba, na hapo utabaki na jasi (gypsum) na chumvi nyingi shimoni. Jasi nayo ukiiweka haiyeyushi chokaa hata kidogo, ile inasaidia udongo wenye sodiamu, tatizo jingine kabisa.

Na maji peke yake hayalainishi. Tena hicho ndicho kipimo chenyewe: kipande kikavu kiloweke usiku kucha. Kikimomonyoka ulikuwa na udongo ulioshindiliwa tu, kikibaki vilevile kimeshikizwa na kitu. Baada ya hapo kwaruza upate unga, tonesha siki. Ukitoa povu ni chokaa. Usipotoa povu na kucha inakwaruza kirahisi inaweza kuwa jasi. Usipotoa povu na ni kigumu kweli fikiria silika, madini yaleyale ya mchanga na kioo, yapo matabaka ya jangwani yaliyogandishwa na silika na hayo asidi haiyavunji.

fundi_sururu:
Mimi nachimba haya mambo kwa mikono yangu. Kwanza pima maji yanavyoondoka. Chimba mpaka ufike kwenye tabaka, jaza maji kina cha sentimita 10, angalia saa. Yakishuka yote ndani ya saa 4 panda tu. Yasiposhuka usipande hapo kabla hujatoboa, mti utakaa kwenye beseni, mizizi inaoza na maji yakikauka yanaacha chumvi.

Kutoboa sio lazima uvunje tabaka lote. Toboa tundu kama bomba katikati ya shimo, upana wa sentimita 20 au 30 mpaka uguse changarawe iliyolegea, lijaze udongo uleule uliotoa, mzizi na maji vitafuata humo. Piga mtaimbo penye ufa, usipige katikati ya bamba utaumia mikono bure. Ukikuta bamba limepita mita moja achana nalo, nyanyua tuta la udongo juu. Yapo mazito kweli, Mormon Mesa kule Nevada bamba linazidi mita mbili na umri wake ni mamilioni ya miaka.

Lile shimo lako la nne lisilo na tabaka ndio dhahabu yako. Huenda hapo pana korongo la zamani au ufa mpana. Fuatilia linaelekea wapi.

mama_miche:
Kweli kabisa fundi. Na angalia vichaka vya asili vimejipanga wapi, mara nyingi vile virefu vimesimama kwenye mstari wa nyufa. Hata wanyama wanalijua hili tabaka, kobe wa jangwa la Mojave huko Marekani wanajificha kwenye mapango yaliyo chini ya bamba la kaliche kwenye kingo za makorongo, bamba linakuwa dari na ndani kuna ubaridi.

mchimbaji_mpya:
Nimerudi na majibu. Kipande nimekiloweka tangu jana jioni, leo asubuhi kipo vilevile na maji ni meupe kidogo tu. Unga na siki umetoa povu mpaka nasikia unavyochacha nikiweka sikio karibu. Upande wa juu una mistari, nimehesabu kama saba kwenye unene wa kidole. Kokoto nazo nimegeuza kumi, tisa tumbo jeupe. Maji kwenye shimo la kwanza yameshuka sentimita 2 tu kwa saa 4, shimo la nne yaliisha kabla sijamaliza kunywa chai.
Nimechimba vishimo vidogo kuanzia hapo kwenye la nne kuelekea mteremko, vitatu vya mwanzo havina tabaka, cha nne linaanza tena kwenye sentimita 40. Kwa hiyo nina kama mstari wa mita 9.

fundi_sururu:
Safi sana. Weka vijiti kwenye huo mstari leo kabla hujasahau, na kesho chimba kukatisha pande zote mbili ujue upana wake.

tabaka_kwa_tabaka:
Na ukipata ukingo ambapo tabaka linakatika piga picha ya ukuta wa shimo utuwekee hapa, nataka kuona kama limekatwa na maji au limeisha lenyewe taratibu.