Moshi hadi Pangani peke yangu: nipitie Lushoto au Amani?

NesiWaPasua
Wakuu, habari za jioni. Nina likizo fupi na nimeamua kuendesha mwenyewe, peke yangu, kutoka hapa Moshi hadi baharini Pangani. Tangu shule ya msingi tunaambiwa mto Pangani ni maji ya Kilimanjaro na Meru, yanakutana bwawa la Nyumba ya Mungu halafu yanateremka hadi Bahari ya Hindi. Nimekunywa maji hayo maisha yangu yote na sijawahi kuona yanapoishia. Njiani nataka kulala kwenye msitu mkubwa, wa miti ambayo ukiitazama juu kofia inaanguka. Zimebaki njia mbili: kupandisha Lushoto kwenye msitu wa Magamba, au Muheza hadi Amani. Zote mbili siziwezi. Natakiwa kulipia malazi kabla ya Ijumaa, naombeni mnisaidie.

Himo_Njiapanda
Dada, gari gani? Lini? Siku ngapi? Bila hayo kila mtu atakushauri safari yake mwenyewe.

MsambaaWaSakina
Lushoto, wala usijiulize. Lami mpaka mjini, toka Mombo ni kama kilomita 33. Pale Soni unasimama, maporomoko yako pembeni kabisa ya barabara. Lushoto iko juu kama mita 1,400, Magamba inazidi hapo, kwa hiyo beba sweta. Asubuhi ukungu unaingia hadi dirishani. Na chakula hutahangaika, mboga na matunda yako sokoni kila kona.

MbondeiHalisi
Nimezaliwa Muheza, nitasema ukweli. Lushoto ni kuzuri ila dada ameomba msitu na bahari. Amani ndiyo milima inayoitazama bahari. Upepo wenye unyevu ukitoka baharini unagonga pale kwanza, ndiyo maana inanyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Miti yake ni ya mvua, imefunikwa kuvumwani na mizizi imetoka nje kama kuta. Pia kuna bustani ya miti iliyoanzishwa na Wajerumani 1902, wameotesha miti ya kila pembe ya dunia. Nyumba za wageni za hifadhi zipo Sigi na zipo Amani juu. Ukishuka, hutarudi tena Segera, unanyoosha Tanga halafu Pangani.

NesiWaPasua
Samahani, nilisahau. Gari ni Toyota IST yangu. Natoka wiki ya tatu ya Aprili, siku nne.

Himo_Njiapanda
Aprili! Masika yenyewe! Na IST, tumbo lile liko chini! Haya ndiyo ulipaswa kuanza nayo.

MsambaaWaSakina
Nilisema Lushoto.

MamaNjiro
Mwanangu, soma hii mpaka mwisho. Mwaka juzi, Aprili hiyohiyo, nilikodi gari la juu, 4WD, kwa kampuni moja hapa Arusha. Wakaniambia tairi mpya, nami sikuinama kuangalia. Hadi Muheza safari ilikuwa nzuri. Nikafika geti la Sigi mchana. Mlinzi akazunguka gari, akachuchumaa kwenye tairi la nyuma, akasema, "Mama, kama unapanda, panda sasa hivi, mvua inakuja." Sikumwelewa, nikakaa kunywa chai.

Baada ya Sigi barabara inapanda kwa kona, huku mlima, huku bonde. Mvua ikashuka kama imemwagwa kwa ndoo. Ule udongo mwekundu ukawa sabuni. Kwenye kona moja kali gari likakataa kupanda, likaanza kurudi nyuma. Nimekanyaga breki mpaka mwisho, tairi hazizunguki, na gari linateleza tu, polepole, nasikia kokoto zikisagika chini. Likaenda kulalia mtaro wa upande wa mlima. Lingeenda upande wa pili nisingekuwa hapa naandika. Nilibaki nimeshika usukani kwa mikono miwili, simu haina mtandao, waipa zinaendelea kwenda na kurudi.

Wakapita wachuma chai wamejifunika mifuko ya nailoni. Kijana mmoja akavua kandambili, akashika panga, akakata matawi na kuyalaza chini ya tairi. Kisha akapitisha kiganja chake juu ya tairi, akaniambia nami nipitishe. Laini, kipara kabisa. Wakasukuma watu sita. Nikashuka kulala Sigi, na Amani sikuiona hadi leo. Niliporudisha gari wakakata dhamana yangu kwa sababu bampa limechubuka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza njia, inama uangalie tairi.

NesiWaPasua
Pole sana mama. Nimetoka nje na tochi kuangalia zangu. Za mbele zimeisha.

Mzee_wa_Kibosho
Binti, kwa nini peke yako? Chukua hata mdogo wako. Barabara si mahali pa mwanamke mmoja.

DadaWaMajengo
Mzee wangu, shikamoo. Nimeendesha Moshi hadi Dar peke yangu zaidi ya mara kumi. Anachohitaji ni kumwambia mtu atapita wapi na saa ngapi, basi. Angekuwa kaka yake usingeuliza.

Mzee_wa_Kibosho
Marahaba. Hata kaka yake ningemwuliza, mvua haina mwanamume. Nimezika mtu kwa ajili ya kona za Mombo.

Himo_Njiapanda
Kwa kona hizo mzee ana haki. Dada, ukienda Lushoto, kushuka usikae kwenye D huku umekanyaga breki kilomita zote. Zitachemka, utasikia harufu. Weka gia ndogo, injini ishike gari. Na masika mawe hushuka barabarani pale, usishuke usiku. Barabara kuu nayo, vibao vya 50 haviishi, na tochi za trafiki za kupima mwendo ziko vichakani.

MrushaMiti
Mimi nawashangaa. Mnamtuma msichana Tanga kutafuta miti, wakati mti wa asili mrefu kuliko yote uliowahi kupimwa Afrika uko Kilimanjaro! Ni mkukusu, mita 81.5, habari zake zilitoka 2016. Tembeeni kwenu kwanza.

Mdau_Ughaibuni
Huo unaujua, wa huku je? Niko Oregon, Marekani. Nilishuka na barabara ya 101 peke yangu hadi California, kushoto misitu, kulia bahari, mvua siku nzima. Redwood mmoja unaoitwa Hyperion una karibu mita 116. Ulipogunduliwa 2006 watu wakamiminika, wakakanyaga mimea na mizizi yake, mwaka 2022 hifadhi ikafunga eneo lile. Dada, niliendesha hadi saa kumi jioni tu, mwanga ukipungua nasimama popote penye kitanda. Hilo fanya hata Muheza.

MrushaMiti
Mita 116 ni zenu. Sisi tunazungumzia Afrika.

MbondeiHalisi
Turudi kwa dada. Iache IST kwa mtu Muheza mjini, panda Amani na gari la wenyeji, wale barabara wanaijua. Ukishuka chukua gari lako. Na Pangani huhitaji pantoni kuuona mto unavyoingia baharini, simama ufukweni upande wa mjini. Masika utaona maji ya kahawia yanaingia kwenye ya kijani na mstari wa povu katikati. Na humo yamo maji ya kwenu.

NesiWaPasua
Huo mstari ndio ninaoutaka. Kesho nampelekea fundi tairi, nikipata mbili nzuri naelekea Amani kwa mpango wa Mbondei. Zikishindikana, Lushoto.

MsambaaWaSakina
Utakuja kuniambia.

DadaWaMajengo
Ukifika Muheza niletee iliki tafadhali. Ya dukani hapa haina harufu.

MbondeiHalisi
Iliki uliza imetoka wapi. Inapenda kivuli, kwa hiyo watu walikuwa wanafyeka miche chini ya miti mikubwa ili waipande. Mkubwa ukianguka hakuna mdogo wa kushika nafasi. Nunua ya mashambani, sokoni wanajua.

MamaNjiro
Na machungwa ya Muheza, Aprili yapo?

MbondeiHalisi
Machache, bado makali. Yakinoga ni katikati ya mwaka, mama.