Roboti za mazoezi kwa wagonjwa wa kiharusi: nini kinazizuia kufika Pemba?

Mwana wa Konde
Assalamu alaikum ndugu zangu. Mama yangu mzazi alipatwa na kiharusi kabla ya Ramadhani, na mkono wake wa kulia hadi leo hauwezi kushika kikombe. Kila wiki tunatoka naye Konde kwenda mjini kwa mazoezi ya viungo, ambayo ni nusu saa tu kwa vile wagonjwa ni wengi na fizio ni mmoja, kisha tunarudi. Mdogo wangu amenionesha video ya roboti inayoushika mkono wa mgonjwa na kuusogeza mara mamia bila ya kuchoka. Je, mitambo hii bado imo maabara, au imeshaingia hospitali? Jamaa zetu walioko nje wako tayari kuchangishana ikiwa itamfaa.

Fizio wa Ng'ambo
Wa alaikumu salaam, na Mwenyezi Mungu ampe mama shifaa. Imeshaingia zamani. Mtambo wa mkono uitwao MIT-Manus ulianza kubuniwa Marekani mwaka 1989, na Lokomat ya Uswisi, ambayo humning'iniza mgonjwa kwa mikanda na kumwendesha miguu, inatumika katika vituo vingi vya Ulaya. Lakini kutumika ni jambo moja, na kumshinda fizio ni jambo jengine. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, wenye wagonjwa 770, uliwapa baadhi yao mazoezi ya roboti dakika 45, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12, na haukuona kwamba mikono yao ilifanya kazi vizuri zaidi kuliko ya waliopata huduma ya kawaida. Kabla ya hapo, mwaka 2010, utafiti wa Marekani kwa wanajeshi wastaafu 127 ulionesha kuwa mazoezi mengi yaliyosimamiwa na binadamu yalilingana na yale ya roboti.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, dawa ni wingi wa kurudia, na roboti ni njia mojawapo tu ya kuupata wingi huo. Nusu saa kwa wiki haitoshi, iwe kwa mtambo au kwa mikono yangu. Msimu wa karafuu ukifika, mpeni mama kikapu achambue, atenge karafuu na makonyo kwa mkono ule dhaifu, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Vidole vinafanya kazi halisi, na akili inajua kwa nini vinafanya.

Fundi Vifaa Tiba
Nakubaliana na fizio, ila niongeze jambo ambalo video hazilioneshi. Nimewahi kuitwa kuufungua mtambo wa msaada uliokaa stoo miaka miwili kwa kukosa kipuri kimoja, ambacho mtengenezaji hakuwa na wakala wake Afrika Mashariki. Roboti ya mazoezi ina mota, vihisi na programu inayohitaji kusahihishwa mara kwa mara, na umeme ukipanda na kushuka ndiyo kwanza inaharibika. Waliokuwepo Unguja mwishoni mwa 2009, tulipokaa gizani takriban miezi mitatu baada ya waya wa baharini kuharibika, hawahitaji kuelezwa zaidi. Familia ikichangishana, fedha hizo zitafaa zaidi zikimlipa fizio aje Konde mara tatu kwa wiki na kuwafundisha watu wa nyumbani. Sisemi kwamba roboti haina nafasi: hospitali kubwa yenye wagonjwa wengi, fundi aliyefunzwa na mkataba wa vipuri inaweza kuitumia, kwani fizio mmoja ataweza kuwasimamia wagonjwa wawili au watatu kwa wakati mmoja.

Mwana wa Konde
Nashukuruni sana. Mkono wa mama hauna nguvu hata ya kuushikilia ukingo wa kikapu. Je, aanze hivyo hivyo?

Fizio wa Ng'ambo
Asianze na karafuu. Aweke mkono juu ya meza, kitambaa chini ya kiganja, ausukume mbele na kuurudisha, nawe umsaidie pale tu anaposhindwa. Na mnapomnyanyua kitandani, tafadhali msimvute kwa mkono huo wala kumshika kwapani, kwa sababu bega la mwenye kiharusi hulegea na linaweza kuteguka.