Mafundi polishi, acheni kutuambia "vumbi ni kawaida"! Gari imerudi nyeupe ndani na nje

Wakuu salaam.

Nimekaa na hili tangu Jumamosi iliyopita na bado linanikaba kooni. Naomba mnivumilie niliseme lote.

Nilipeleka gari kwenye gereji moja maeneo ya Sinza ikapigwe polishi ya mashine. Ni Toyota IST nyeusi, rangi ya kiwandani, ilikuwa imefubaa kwenye boneti na paa. Jina la gereji silitaji. Tukakubaliana elfu tisini, nikaacha ufunguo saa nne asubuhi, nikaambiwa nirudi saa kumi.

Saa kumi nakuta gari sijui niiite nini. Raba za milango nyeupe. Plastiki nyeusi iliyo chini ya waipa nyeupe. Mwanya kati ya boneti na madigadi, nyuma ya vitasa, vitundu vya kurushia maji ya kioo, herufi za nembo ya nyuma, kote kumeshindiliwa unga kama wa chaki. Namuuliza fundi, ananijibu huku anahesabu hela za mteja mwingine: "Kaka, vumbi ni kawaida ya polishi. Kapige maji mara mbili litaisha."

Nilipiga maji mara nne. Halijaisha mpaka leo. Unga wa kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi wakati wa polishi, ukishakaukia kwenye plastiki yenye vinyweleo, maji matupu hayautoi, unautoa kwa sabuni kali na brashi ndogo, tundu moja baada ya jingine. Niliporudi kuwaomba wasafishe wenyewe, waliniambia niongeze elfu kumi na tano. Yaani nilipie kuondolewa uchafu walioniwekea wao!

Lakini hilo la nje ningelimeza. Kilichonipandisha hasira ni ndani. Vijana waliacha vioo vya milango vimeshushwa nusu ili wasikilize redio yangu. Dashibodi, viti, mkanda wa kiti cha mtoto, vyote vina unga. Jioni ile nikampakia mwanangu wa miaka sita, ana pumu, nikawasha AC. Wale mnaojua gari mtanielewa: AC inavuta hewa ya nje kupitia pale chini ya kioo cha mbele, palepale palipojaa vumbi. Lilitoka wingu kwenye matundu ya dashibodi likampiga usoni. Alikohoa kuanzia Mwenge mpaka nyumbani Tegeta, na usiku alitumia dawa yake ya kuvuta mara mbili. Kesho yake nikafungua droo ya mbele nikachomoa filta ya AC. Ilikuwa nyeupe.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu siku ile niliyorudi kulalamika nilikaa pale kama nusu saa nikaangalia wanavyofanya gari nyingine. Nimeona kwa macho yangu vumbi linatoka wapi.

Gari iko juani, saa saba mchana, boneti haishikiki kwa kiganja. Kompaundi imemiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, hakuna anayejua ni ya daraja gani wala inatakiwa itumikeje. Fundi anachora nyoka mrefu wa kompaundi boneti nzima, anarudi kuchukua mashine, akifika jua limeshaikausha nusu. Mashine ina kirekebisha kasi cha namba 1 hadi 6, yake imekaa 6 muda wote, mizunguko kama 3,000 kwa dakika. Sponji ni ya manyoya, imekuwa ngumu kama mkeka kwa mabaki ya magari yaliyotangulia. Inaanza kutoa vumbi, anaongeza kompaundi juu ya ile iliyokauka. Vumbi linazidi. Anaongeza tena. Akimaliza anachukua flana kuukuu, kavu, anafuta ule unga kwa nguvu.

Hapo kwenye flana ndipo nilipoelewa kwa nini gari yangu usiku, chini ya taa za sheli, ina michubuko ya duara kama utando wa buibui. Ule unga una chembe za kukata rangi. Ukiuburuza mkavu kwa kitambaa kikavu umepiga msasa. Na klia ya kiwandani, ule utando angavu ulio juu ya rangi, si kitu cha kuchezea, unene wake kwa kawaida ni maikroni 35 hadi 50 hivi, unywele wa kichwani mara nyingi ni mnene kuliko hapo. Kila kosa la kurudia linakula kitu ambacho hakioti tena.

Na yule kijana msaidizi! Hajafika miaka ishirini. Nywele, kope, ndevu zake changa, vyote vyeupe, hana hata barakoa ya kitambaa. Anavuta unga wa kompaundi na klia iliyokwanguliwa kutwa nzima, siku sita kwa wiki. Pembeni, hatua kama kumi, mama lishe anafunika sufuria ya maharage kwa kanga kila mashine ikiwashwa. Nilimuuliza akasema amezoea. Iliniuma kuliko gari.

Jumatano nikaipeleka kwa mzee mmoja wa Ilala, fundi rangi wa siku nyingi, nilielekezwa na shemeji yangu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutokimbilia mashine. Aliiosha gari, akaiingiza chini ya banda, akasema tusubiri ipoe. Tulisubiri karibu saa nzima, anagusa boneti kwa nyuma ya kiganja. Nilipomuuliza kuhusu vumbi akanipa maelezo ambayo sijawahi kupewa na fundi yeyote: kompaundi ni chembe ngumu zilizokorogwa kwenye maji na mafuta. Ikiwa na unyevu, chembe zinateleza na kukata taratibu, na uchafu unabaki kwenye ule utelezi. Unyevu ukikauka zimebaki chembe tupu pamoja na rangi iliyokwanguliwa, na mashine haina pa kuzipeleka isipokuwa kuzirusha. "Ukiona vumbi," akasema, "ujue umechelewa kusimama, au umeweka nyingi, au sponji yako imeshiba."

Akafunga vioo vyote. Akabandika tepu ya karatasi kwenye raba, kwenye plastiki na kuzunguka nembo, akatandika nailoni pale chini ya waipa. Akamwaga maji sakafuni ili kitakachoanguka kisipeperuke. Sponji yake ya povu, inchi 5, aliweka matone manne tu, kila moja kama punje ya kunde. Akaigandamiza kwenye boneti kabla hajawasha mashine, ndipo akawasha kwa kasi ya chini kabisa kusambaza, kisha akapandisha mpaka namba 3. Eneo analopiga ni nusu mita kwa nusu mita, halizidi, anakwenda kwa mlalo halafu wima. Anasimama utando ungali na unyevu, anafuta kwa kitambaa laini cha maikrofaiba. Kabla ya eneo jingine anatoka nje ya banda na kuisugua sponji kwa brashi ya nailoni, kila mara, bila kuruka hata moja. Sponji ikilowa na kupata moto anaiweka pembeni anachukua nyingine. Alitumia tatu kwa boneti na paa.

Vumbi lilikuwepo kidogo, siwezi kudanganya, hasa alipoweka sponji ya manyoya kwenye mlango wa kushoto uliokuwa na mchubuko mzito. Manyoya yanarusha zaidi, hilo halikwepeki. Hapo alinyunyizia maji mara moja tu kwa chupa ya kupulizia, kama ukungu, akaniambia yakizidi yanageuka matope na kurukia kioo. Alipobandua tepu nilipitisha kidole kwenye raba. Kilitoka cheusi cha raba, hakuna cheupe. Na yeye alikuwa na barakoa muda wote, ile ngumu ya kiwandani, katika joto lile.

Kwa hiyo msiniambie tena vumbi ni kawaida. Vumbi la kujaza filta ya AC ni la mtu aliyefanya kazi juani kwa sponji chafu na mashine ya mwisho wa kasi, akajua, akaendelea.

NYONGEZA: Naona wachangiaji wawili wameniandikia kwamba kwa elfu tisini nilitegemea nini. Jamani, naomba mnitajie ni kipi katika alivyofanya mzee wa Ilala kinahitaji mtaji. Kivuli? Hata mwembe unatosha. Kufunga vioo ni bure. Kutumia matone manne badala ya chupa nusu kunaokoa kompaundi. Brashi ya kufulia na roli la tepu ya karatasi vinauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kupunguza kasi ni kuzungusha kidole. Sikudai kioo cha maonyesho, nilidai nirudishiwe gari mwanangu anaweza kupanda. Mzee alinitoza laki moja na ishirini na hakuniomba senti ya kusafisha.

Kwa yule aliyeuliza kuhusu filta: nimenunua mpya, ile ya zamani sikuipuliza, nimeitupa. Matundu ya AC nimepitisha kifyonza vumbi chenye brashi laini nikiwa nimefungua milango yote, kisha nikawasha feni kwa kasi ya juu dakika kumi, mtoto akiwa mbali.

Kilichobaki ni unga ulioingia nyuma ya herufi za nembo ya buti, ule wa Sinza, umekauka kama plasta. Nimejaribu sabuni ya gari, nimejaribu mswaki, wapi. Aliyewahi kuutoa bila kubandua nembo aniambie alitumia nini na aliuacha ulowe kwa muda gani.