Naomba ushauri: kampuni za soko la hisa nizihesabu vipi?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Niko Dodoma, naandika utafiti wa shahada kulinganisha idadi ya kampuni zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa ya Tanzania, Kenya na Marekani tangu 1998, mwaka Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) lilipoanza biashara.

Nimekwama kwenye kuhesabu. KCB (benki), Jubilee (bima) na EABL (bia) ni kampuni za Kenya lakini zimeorodheshwa Dar pia, kwa hiyo zinajirudia. Nimejaribu kuzitoa, Tanzania ikabaki na chache mno hadi mstari wake kwenye grafu hauonekani kando ya Marekani, ambako zilizidi 8,000 miaka ya 1990 kisha zikapungua karibu nusu.

Je, kampuni ihesabiwe nyumbani kwao tu? Na nigawanye kwa idadi ya watu, au nifanye idadi ya 1998 ya kila nchi kuwa 100, kisha miaka mingine niilinganishe nayo? Nitashukuru sana.