PSA ya mzee ni 17, kaambiwa arudi baada ya miezi 6. Tusubiri au tutafute daktari mwingine?

mtoto_wa_pili: Habari wakuu, naomba ushauri. Mzee wangu ana miaka 68, muda sasa usiku halali kwa kuamka kukojoa, mkojo unatoka kwa shida na unakatikakatika. Tukampeleka hospitali wakapima damu PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ikaja 17, daktari hakumpima kwa kidole wala hakuandika kipimo kingine, kasema ni tezi imekua kwa sababu ya umri, kampa dawa na kumwambia arudi baada ya miezi 6. Roho yangu haijatulia kabisa maana kaka yake, tumbo moja, alifariki kwa saratani ya tezi dume. Nikimwambia twende kwa daktari mwingine anasema nataka kumvunjia heshima daktari wake. Nifanyeje?

wa_maabara: Pole sana ndugu. Kwanza PSA kuwa juu haimaanishi moja kwa moja ni saratani, tezi ikikua tu bila saratani inapanda, UTI inaipandisha sana, hata mpira wa mkojo. Kwa hiyo mkojo upimwe, kama kuna UTI itibiwe halafu PSA irudiwe baada ya kama wiki 6, na siku mbili kabla ya kutoa damu asiendeshe baiskeli wala kukutana na mama. Ila 17 na ndugu wa damu aliyeugua, hiyo miezi 6 mi siikubali, anatakiwa aonwe mapema na daktari bingwa wa njia ya mkojo. Hebu angalia pakiti, kapewa dawa gani?

mtoto_wa_pili: Ziko mbili, tamsulosin na finasteride.

wa_maabara: Hapo sasa. Tamsulosin haina shida kwenye PSA, ila finasteride ikitumika kama miezi 6 inashusha PSA karibu nusu, hata kama saratani ipo. Yaani mzee atarudi apimwe ikute 8, kila mtu ashukuru Mungu dawa imefanya kazi, kumbe ukizidisha mara mbili iko palepale! Asiache dawa mwenyewe, ila andika jina lake na tarehe aliyoanza na kila daktari mtakayemwona mwambieni hilo kabla hajasoma namba.

mke_wa_fundi: Kaka yangu, hilo la kuvunja heshima mwambie mzee atoe wasiwasi. Mume wangu yalimkuta, na daktari wake wa kwanza ndiye aliyetuandikia barua ya kwenda kwa mwingine, wala hakununa. Tulianza na picha ya MRI ndipo biopsi (kuchukua vipande vya nyama ya tezi kwa sindano), maana picha inaonyesha sindano ielekezwe wapi, na ukitanguliza biopsi damu inayovujia ndani inachafua picha (kama MRI haipatikani msikae kuisubiri, biopsi ifanyike). Majibu yakasema ni saratani, Gleason (alama ya ukali wa saratani) 4+3. Kilichotusaidia ni kuomba vile vioo na vipande vya nyama vilivyohifadhiwa maabara, tukavipeleka kwa mtaalamu mwingine avisome upya, yeye akasema 3+4. Jumla ni 7 zote lakini ile namba ya kwanza ndiyo seli zilizo nyingi, na 4 ni kali kuliko 3, kwa hiyo mazungumzo ya matibabu yalibadilika kabisa. Mzee hachomwi sindano tena, vinasomwa vilevile. Kuna wengine inaonekana ni 3+3 wanafuatiliwa tu kwa vipimo bila kukatwa wala kuchomwa mionzi, sasa bila maoni ya pili utajuaje.

dr_wa_zamu: Naongezea moja. Akianza maumivu ya mgongo yasiyoisha hata akilala, miguu ikaishiwa nguvu au kufa ganzi, au mkojo ukagoma kabisa, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, usingoje kliniki. Saratani ikifika kwenye uti wa mgongo inaweza kubana neva na asitembee tena.

mtoto_wa_pili: Asanteni sana, mgongo hajalalamika. Mama kasema atamsemesha yeye, akikubali tunaenda wiki hii hii. Nibebe nini?

wa_maabara: Karatasi halisi ya PSA yenye tarehe na jina la maabara, pakiti za dawa, na mwambieni daktari habari ya baba mkubwa na umri aliougua. Na kwa vile mkojo unatoka kwa shida, omba ultrasaundi waone unabaki kiasi gani kwenye kibofu akimaliza kukojoa, na damu ipimwe kreatinini (kipimo cha figo), ukibaki mwingi muda mrefu unaharibu figo.