Tunarudi ule ufukwe ambao kuvaa nguo ni hiari, ila safari hii kuna wanaotaka kuongozana nasi. Naombeni ushauri

Mayu wa Bwiru (mleta mada)

Habari za usiku huu wana Mwanza na wengine wote. Nina miaka 42, ndoa ina mwaka wa 16, watoto watatu. Naomba mnijibu kwa utu, jambo hili sijawahi kulisema popote.

Nikiwa na miaka 9 jiko la mchina lilinilipukia, tulikuwa tunaishi Igogo. Nina kovu la moto linaloanzia chini ya shingo, linashuka kifua cha kushoto mpaka pajani. Nimekulia hatua chache kutoka ziwani na sikuwahi kuoga ziwani mbele ya mtu. Wenzangu wakiogelea, mimi nilikaa juu ya mwamba nawashikia nguo. Hata kwa mume wangu, miaka ya mwanzo taa ilizimwa kwanza.

Mwaka 2019 mume wangu alikuwa Würzburg, Ujerumani, kwenye mafunzo ya maabara. Mji ule na huu wetu una udugu tangu 1966, watu wengi wa hapa wamepita kule. Julai nikamfuata. Wenyeji wake, mtu na mkewe, watu wazima, wakatualika twende nao likizo Kroatia, karibu na mji mdogo wa Vrsar kwenye rasi ya Istria, bahari ya Adriatiki. Walituambia kabla hatujafunga mizigo, tena mara mbili, kwamba ufukweni pale watu wanakaa bila nguo na anayetaka kuvaa anavaa. Kwa Wajerumani si jambo la ajabu, wanaliita FKK, yaani utamaduni wa mwili huru. Nilikubali kwa sababu nilijua mimi nitavaa.

Siku ya kwanza nilijifunga khanga mpaka makwapani, nikakaa hivyo saa mbili nzima juani. Pale hakuna mchanga, ni mawe meupe yameingia mpaka majini, ukikaa unaweza kudhani uko Capri Point iliyopakwa chokaa. Akapita bibi wa miaka kama sabini, kabeba nusu ya tikiti maji kwenye beseni. Titi moja hana. Mahali pake pana mstari mweupe, umelala kama mshono wa gunia. Akasimama mbele yetu, akakata vipande viwili, akatupatia, akaenda kuwagawia wengine. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Nilikula lile tikiti mpaka kwenye ganda. Nilipomaliza nikafungua khanga, nikaikunja, nikaiweka juu ya jiwe, nikaingia majini. Nilipogeuka nikaona mume wangu amekaa kwenye taulo lake analia.

Tulikaa siku 8. Nyumbani taa haizimwi tena, niishie hapo.

Sasa tumejibana miaka minne ili turudi, ni Julai mwakani. Tatizo ni kwamba mume wangu alimsimulia rafiki yake wa kazini. Huyo shemeji amevutiwa, anataka waje na mkewe, tupange nyumba moja wanne na gharama tugawane. Mkewe ni rafiki yangu. Tuko kikoba kimoja, kwaya moja, benchi moja, sauti ya pili. Na hajui chochote. Ameambiwa tu tunaenda ufukweni Ulaya. Jumapili baada ya ibada akanivuta pembeni, akatoa kwenye mkoba vazi la kuogelea alilonunua, jekundu lenye maua, akaniuliza kama linafaa. Nikasema zuri. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Mume wangu nikimwambia, anajibu, "Akifika atazoea, mbona wewe ulizoea."

Nimwambie mimi? Au niiache safari yenyewe? Na liko la pili: hata akijua na kukubali, sina hakika kama nitaweza. Kule nilivua mbele ya watu ambao nisingeonana nao tena.

---

Mwana wa Kamanga

Dada, wewe hukuzoea. Wewe uliambiwa mara mbili kabla ya kuondoka, ukakubali. Mwambie mumeo asome sentensi hiyo.

---

Nansio Kwetu

Pole kwa yaliyokupata utotoni. Mimi ni wa Ukerewe. Jioni wanaume walikuwa na mwamba wao na wanawake wao, kila mtu na kipande cha sabuni, na hakuna aliyeoga na nguo. Hatukuwa tunaona aibu. Lakini ikisikika sauti ya mkwe wa mtu njiani, mwenye mkwe anajitupa majini mpaka shingoni na hatoki mpaka apite. Na huyo mkwe naye alikuwa anakohoa toka mbali makusudi, ili wewe uwahi. Ndivyo tulivyolelewa, kila mtu alipewa nafasi ya kujua nani anakuja.

Rafiki yako hajakoholewa. Kohoa, dada.

---

Mzee wa Pasiansi

Binti yangu, nina miaka 67 na sitakuficha, mimi safari hiyo siiungi mkono. Nimefundishwa kwamba mwili wa mke na mume ni wao wawili na Mungu wao, na siwezi kubadilika leo. Habari ya kovu lako na yule bibi nimeisoma mara mbili, nikakaa kimya muda mrefu. Sina neno la kukuhukumu nalo. Ila kumpeleka mke wa mtu mahali kama hapo bila yeye kujua ni kosa hata kwa asiyesali. Mtoe huyo mama gizani.

---

Igoma Stendi

Ulaya yote ya nini? Visiwa vimejaa hapa ziwani. Kodi boti, nendeni wawili, mmalize.

---

Mvuvi Mstaafu

Igoma Stendi, kisiwa kipi hicho kitupu? Nimevua miaka 22. Giza la mwezi likiingia, taa za dagaa zinajaa ziwani kama mji, na alfajiri mitumbwi inarudi kwa kila njia. Hakuna mwalo usio na macho. Halafu ukingoni kwenye majani na maji yaliyotuama kuna kichocho, na sehemu nyingine mamba. Na sheria zetu haziruhusu kukaa uchi hadharani, utajikuta kituoni unajieleza. Huko anakokwenda dada ni mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, kila anayeingia anajua anaingia wapi.

---

Hesabu za Safari

Mimi nakuja na upande wa makaratasi, kwa sababu humo humo kuna jibu lako.

Mlipokwenda 2019 Kroatia ilikuwa bado na pesa yake iliyoitwa "kuna", na ilikuwa nje ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Tarehe 1 Januari 2023 ilianza kutumia euro na ikaingia Schengen siku hiyo hiyo. Kwa hiyo sasa viza moja inawatosha Ujerumani na Kroatia. Ombi linapelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Mkikaa zaidi kwa wenyeji wenu Würzburg, ni ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam. Mnaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na msisubiri, Julai ni msimu wao wa likizo. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000.

Sasa sikiliza. Kila mwombaji anajaza fomu yake na kuisaini mwenyewe, na anaambatanisha uthibitisho wa malazi wenye jina la mahali. Rafiki yako ataliona jina, ataliandika kwenye simu yake, na picha ya kwanza itakayofunguka itamwambia kila kitu. Atajua akiwa peke yake chumbani, na atakumbuka kwamba ulimwambia vazi lake ni zuri. Mwambie kabla ya hapo.

---

Kaka wa Buhongwa

Nakubaliana na wote, lakini mke akianza kuambiwa na jirani, kwenye nyumba ya shemeji kutawaka. Ningekuwa mimi ningempa shemeji siku za kuhesabu amwambie mkewe mwenyewe. Zikipita, sema wewe.

---

Nesi Zamu ya Usiku

Mayu, mimi nimefanya kazi Ujerumani miaka mitatu. Mara ya kwanza wenzangu waliponipeleka sauna, chumba cha joto kali cha kutokea jasho, niliingia na nguo ya kuogelea, wanaume na wanawake wote wamo uchi, mhudumu akanifuata taratibu akaniomba niivue. Nililia kwenye basi wakati wa kurudi nyumbani. Hakuna aliyenikosea adabu, ila hakuna aliyeniambia kabla. Miezi sita baadaye nilirudi kwa hiari yangu na nikapapenda. Mwenzako mpe nafasi hiyo niliyoikosa mimi.

Kuhusu wewe mwenyewe, naongea kama nesi. Kovu kubwa la moto kwa kawaida halitoi jasho kama ngozi nyingine, kwa hiyo mwili wako unapata joto haraka kuliko wenzako. Hizo saa mbili ulizokaa umejifunga khanga juani ungeweza kuzimia. Safari hii kivuli kuanzia saa tano mpaka saa tisa hivi, maji ya kunywa muda wote, na mafuta ya kukinga jua upake kwenye kovu kwa wingi na kurudia kila ukitoka majini. Ngozi ile inaungua upesi.

Na hilo swali lako la pili wengi wamelipita. Huhitaji kuweza. Ukiwa na khanga mbele yake na bila khanga asipokuwepo, hakuna sheria umevunja. Lakini nyumba moja watu wanne, sebule moja, bafu moja? Mimi nisingekubali hata tungekuwa tunaenda Bagamoyo na nguo zetu zote.

---

Mayu wa Bwiru (mleta mada)

Nesi, ahsante, hilo la jasho hakuna aliyewahi kuniambia tangu nina miaka 9. Nimempigia shemeji. Nimempa mpaka Ijumaa.

---

Mwana wa Kamanga

Tunasubiri mrejesho, dada. Usituache.

---

Mayu wa Bwiru (mleta mada)

MREJESHO.

Ijumaa ikapita, hakusema. Jumamosi asubuhi tulikuwa na zamu ya kununua dagaa za kikoba, tukaenda Mwaloni, Kirumba. Tumeinama kwenye gunia tunaangalia kama zina mchanga, nikaona nikisubiri tukae vizuri nitaghairi. Nikamwambia pale pale, yote, kuanzia jiko la mchina. Aliendelea kuchambua. Dagaa moja moja, anapuliza, anaweka pembeni. Muuzaji akadhani tunabishania bei, akapunguza.

Akaniuliza swali moja tu. "Lile vazi uliliona zuri kweli, au ulinionea huruma?"

Nikasema zuri kweli. Ni zuri kweli, jamani.

Tukapanda daladala hatuongei. Tulipofika kwangu akaingia ndani bila kukaribishwa, akafunga mlango wa chumbani, akasema, "Miaka 11 hubadilishi joho mbele yetu. Nilijua kuna jambo, nikawa naona ukitaka utasema." Nikafungua vifungo mwenyewe. Aliangalia kama mtu anavyoangalia mguu wa mtoto aliyejikwaa, akauliza kama linauma wakati wa baridi. Nikasema linakaza. Akanifunga vifungo, tukaenda kuanika dagaa.

Ameamua hivi. Kwenye ufukwe ule hatakanyaga, na hataki mtu wa kumbembeleza. Lakini safari anaitaka, na pesa yake ya kikoba ataitoa. Wao watakaa Rovinj, mji wa zamani upande wa pili wa mfereji wa Lim, kwa gari hata saa nzima haifiki. Kuna ufukwe wa watu waliovaa na atavaa vazi lake jekundu. Jioni mbili tatu tutakutana tule pamoja. Shemeji alinuna siku mbili, gharama ya nyumba sasa kila mtu anajibeba mwenyewe na kwetu imeongezeka, itabidi siku zetu ziwe 6 badala ya 8. Sawa tu.

Mume wangu nilimsomea jibu la Nansio Kwetu kwa sauti. Alinyamaza. Asubuhi yake alimpigia yule mama mwenyewe akamwomba radhi, nimesikia kwa masikio yangu, nilikuwa jikoni.

Mzee wa Pasiansi, shikamoo. Nimepokea neno lako kama la baba.

Nina ombi la mwisho. Kwenye yale mawe majini kuna vidude vyeusi vya miiba, watu wa pwani wanaviita shuri, 2019 kimoja kilinichoma kisigino. Natafuta viatu laini vya kuingilia majini, Makoroboi nimezunguka nimekosa. Mwenye kujua duka hapa Mwanza aniambie. Jozi mbili, yangu 39 na ya rafiki yangu 40.