Nyumba ya mawe Mkomani, Lamu, iliyogeuzwa hoteli: wageni wanalalamikia unyevu, joto, mbu na maji

Msimamizi_Mkomani

Assalamu alaykum wana jukwaa. Nawaomba mnaozijua nyumba za kale mnisaidie. Nasimamia nyumba ya ghorofa mbili hapa Mkomani, vyumba sita, bei ya juu. Mlango wa nakshi upo, kiwanda (ua wa ndani) kipo, zidaka (vishubaka vya ukutani) zimesimama zote, na mgeni akiingia husifu mpaka anaona haya mwenyewe. Ikifika asubuhi ya pili sifa zimekwisha.

Chumba cha ndani cha chini kinanuka uvundo. Plasta imevimba mpaka usawa wa kiuno na inatoa unga mweupe. Nyumba ilipokarabatiwa ilipigwa saruji na rangi ya plastiki, na kila mwaka inapakwa upya juu yake. Vyumba vya juu havipoi mpaka saa nane za usiku. Mbu wapo ingawa kila kitanda kina chandarua. Bafu linatoa maji kiduchu, na nyumba ikijaa wageni maji yanakatika kabisa. Mwenye nyumba anataka kupandisha tangi la lita 5,000 juu ya dari (paa bapa) na kufunga viyoyozi vyumba vyote. Nianzie wapi kabla ya Desemba?

FundiChokaa

Waalaykum salaam. Anza na ukuta, na kwanza kabisa acha kupaka rangi. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa polepole kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji na rangi ya plastiki, maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi na kubeba chumvi. Chumvi ikikauka nyuma ya plasta hufura na kuisukuma nje. Huo unga mweupe ndiyo chumvi yenyewe, na uvundo unatokana na ukuta usiokauka.

Kabla ya kubomoa, tafuta kama kuna maji mengine yanayoingia. Angalia mlizamu wa dari (mfereji wa kutolea maji ya mvua) unamwaga wapi, maana ukiwa mfupi unalowesha ukuta mvua nzima. Angalia bafu la juu: maungio ya bomba, na pale sakafu inapokutana na ukuta. Kama bafu limejengwa juu ya boriti, chukua bisibisi uchome kichwa cha kila boriti pale kinapoingia ukutani, kwa sababu huko ndiko kunakooza kwanza. Bisibisi ikizama sentimita moja au zaidi, itegemeze kwa nguzo leo hii na usimlaze mtu chini yake. Boriti mpya nunua kwa mwenye kibali cha KFS, shirika la misitu la Kenya.

Sasa saruji. Ibambue kwa patasi na nyundo ndogo, si mashine, kwa sababu mashine inapasua matumbawe. Panda mpaka nusu mita juu ya alama ya unyevu. Chumvi ipanguse kwa brashi kavu, uizoe sakafuni na kuitoa nje. Usioshe ukuta kwa maji, utairudisha chumvi ndani. Kisha uache wazi, dirisha na mlango vifunguliwe mchana.

Nitasema wazi kwamba kabla ya Desemba huwezi kuumaliza kwa haki. Bambua sasa, mawe yakikauka kiasi yapige chokaa ya maji, nyembamba kama maziwa, mikono (tabaka) mitatu, na msimu huu mgeni aone mawe. Wengi wanapenda hivyo. Plasta ingoje mpaka wageni wapungue.

Ukifika wakati wake, kipimo ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Chokaa iwe imelowekwa wiki tatu angalau, na ikikaa miezi ni bora zaidi, kwa sababu punje ambayo haijaiva vizuri hulipuka baadaye ukutani na kuacha vishimo. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi ile ile unayoikimbia. Wa kwenye vilima vya Shela pia usichukue, vilima vile ndivyo vinavyotunza maji matamu ya mji mzima. Changanya kwa maji matamu, si ya kisima cha magadi.

Lowesha ukuta jana yake na tena asubuhi. Mkono wa kwanza usizidi milimita 12, wa pili 10, wa mwisho 3, na kati ya mkono na mkono pitisha wiki. Kila mkono ufunike kwa magunia mabichi siku tatu au nne. Hapo ndipo mafundi wa haraka wanapoharibu: upepo wa kaskazi unakausha juu kabla ndani haijashika, plasta inapata nyufa na kugeuka vumbi ukiipitisha kidole. Umalizie kwa chokaa tena. Rangi ya kopo hapana.

Bint_Langoni

Nami naingilia mbu. Dada yangu au kaka yangu, chandarua peke yake hakitoshi kama kinashushwa mgeni akienda kulala. Mtu wa vyumba afunge madirisha yasiyo na wavu na kushusha vyandarua kabla ya magharibi, akague matundu kwa tochi, kisha achomeke pindo chini ya godoro pande zote nne. Kama ni samadari, kitanda cha nguzo nne chenye miguu mirefu, angalia kona: kitambaa kikikazwa kwenye nguzo hukaa karibu na mwili, na mbu hudunga kupitia humo. Nunua kipana.

Kisha utafute wanakozaliwa. Yai la mbu huwa mbu kamili kwa wiki moja hivi kwenye joto letu, kwa hiyo kila chombo cha maji kiwandani kimwagwe na kusuguliwa mara moja kwa wiki: visahani vya maua, ndoo, mitungi ya pambo. Kama birika la kale (tangi la maji lililojengwa ndani ya nyumba) bado lina maji, rudisha samaki wadogo. Wazee hawakuwaweka kwa urembo, wanakula viluwiluwi. Ndiyo maana chini ya mabirika mengine utakuta bakuli la kauri limejengewa sakafuni, ili birika likikaushwa kusafishwa, samaki wabaki na maji yao. Ukitia klorini, samaki watakufa.

Penye mbu wengi kuliko pote ni shimo la maji machafu. Mfuniko uzibwe usibaki mwanya, na bomba la hewa lifungwe wavu wa waya juu. Kule Makunduchi, Unguja, miaka ya 1980 walimwaga chembe za polistairini (plastiki nyepesi ya povu) juu ya maji ya mashimo ya choo, zikaelea kwa tabaka na mbu akakosa pa kutaga. Ni njia nzuri kwa shimo ambalo halifuriki. Likifurika zinaondoka zote na kuchafua mji.

Bomba_na_Boriti

Hilo tangi la lita 5,000 ndugu yangu lisipande. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo unataka kuweka tani tano juu ya boriti za mkoko ambazo tayari zimebeba sakafu nzito ya mawe na chokaa. Dari haitaanguka siku hiyo hiyo. Itapinda, ipate ufa, mvua iingie kwenye ufa, na vichwa vya boriti vioze.

Hesabu iko hivi. Mgeni wa hoteli ya namna hii mpe lita 150 kwa siku. Vyumba sita, watu wawili wawili, ni 1,800. Ongeza jikoni na usafi uwe na 2,500, na akiba ya siku mbili ni 5,000. Mwenye nyumba hakukosea kiasi, amekosea mahali. Akiba ikae chini, kiwandani au kwenye ua wa nyuma. Juu weka tangi la lita 500, na liketi juu ya makutano ya kuta mbili nene, si katikati ya chumba.

Bafu dhaifu halitibiwi kwa tangi kubwa. Kila mita moja ya urefu inakupa 0.1 ya ba (kipimo cha presha), kwa hiyo tangi lililo mita mbili juu ya bafu linakupa 0.2 tu, liwe la lita 500 au 5,000. Bomba la kushuka liwe la inchi moja, kisha la robo tatu ya inchi, na nusu inchi iwe ya mwisho kabisa bafuni. Nyumba nyingi zina nusu inchi tangu tangini. Bado haitoshi? Funga pampu ndogo ya presha chini, juu ya mpira, isije ikavuma ukutani usiku. Vichwa vya bafu viloweke kwenye siki usiku kucha kila mwezi, chumvi inaziba matundu.

Msimamizi_Mkomani

Mungu awalipe. Tangi nimelisimamisha. Je, viyoyozi? Mwenye nyumba anasema mgeni anayelipa bei hii hawezi kukubali feni.

FundiChokaa

Anaweza, kama chumba kinapoa. Ukuta mnene unakusanya joto la mchana na kulitoa usiku. Kwa hiyo mchana wa kaskazi fungeni madirisha ya upande wa jua tangu saa tatu asubuhi, na usiku kucha yawe wazi, yakiwa na wavu wa mbu. Dari ya juu yenye jua iezekwe banda la makuti, liachwe wazi pembeni upepo upite. Hilo peke yake linabadilisha vyumba vya juu kuliko mashine yoyote. Feni ya dari iangikwe kwenye chuma kilicholala juu ya boriti mbili, si parafujo kwenye boriti moja, na panga zake zisishuke chini ya mita 2.3. Chandarua kinazuia upepo wake, basi weka na feni ndogo ndani ya samadari.

Kiyoyozi si haramu, ila madirisha yetu ya mbao hayafungi hewa, na maji yanayodondoka kwenye bomba lake hufika lita kadhaa kwa siku moja. Yakimwagwa ukutani umerudi kwenye unyevu. Yapelekwe mpaka mfereji. Na kabla ya kutundika mashine upande wa njia, nenda ofisi ya Makumbusho ya Taifa. Mji huu uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001, na kuna sheria ya 2006 inayolinda majengo haya.

Bint_Langoni

La mwisho, na halina gharama: ujumbe kabla mgeni hajafika. Mwambie kwamba kutoka uwanja wa ndege wa Manda ni mashua, robo saa hivi, na maji ya bahari yakipwa ngazi za gati zina utelezi, kwa hiyo viatu visivyoteleza na mkoba laini. Mwambie adhana ya alfajiri husikika karibu na saa kumi na moja, kisha punda wa mizigo huanza kupita. Mwenye usingizi mwepesi mpe chumba cha upande wa kiwanda. Pima ngazi zako. Kidato kikizidi sentimita 20 kiandike, uulize kama kuna mwenye magoti mabovu, na huyo umlaze chini, lakini si kwenye kile chumba cha uvundo mpaka kikauke. Ikiwa ni Ramadhani, eleza kwamba chakula cha mchana kitaandaliwa ndani na si barazani. Nauli ya mashua na ujira wa hamali viandikwe humo humo, kwa shilingi, ili ubishi usianzie gatini.